Bata wa Nchi za Watu

Saa kumi na moja alfajiri basi linatushusha Dereham.
Ukungu umelala juu ya mashamba ya viazisukari
kama shuka la hospitali.
Tunavaa makoti meupe, kofia za nyavu, mabuti,
tunakuwa watu wamoja
mpaka mtu afungue kinywa.

Desemba. Mnyororo unapita na ndege wake,
miguu juu, uchi, kila sekunde nne mmoja.
Mimi nakata shingo. Idalina anatafuta manyoya yaliyosahauliwa.
Nurettin anapima uzito na kuilaani mizani.

Siku ile mashine ikakwama,
na katika ukimya ambao hatukujua tuufanyie nini
Idalina akamwelekezea kisu ndege aliyening'inia mbele yake:
"Kwetu Ureno huyu ni Peru."

Nurettin akacheka mpaka barakoa ikamteremka.
"Waingereza wanamwita Uturuki!
Nchi yangu nzima, na mabwawa na misikiti yake,
wameibandika kwenye kuku mwenye shingo ya mzee.
Sisi tunamwita Hindi."

Hindi! Mimi nikaona la kuchoma,
la kando ya barabara, ndimu na pilipili.
Lakini yeye alimaanisha Uhindini,
basi tukamgeukia Jignasha wa Gujarati
kama watu wa posta wenye barua iliyokosea anwani.
Akainua mabega. "Sisi? Peru."

Abu Raji wa Nablus, anayesema kana kwamba maneno hukatwa kwenye mshahara,
akatamka kutoka upande wa ndoo:
"Habash."
Tsegereda, Mhabeshi wetu pekee, akaacha kufagia.
"Msinitazame mimi," akasema.

Na ndege kimya, kwao Meksiko,
hakuna hata mmoja aliyemtaja.

"Na kwenu?"
Bata mzinga, nikasema, nikajaribu kueleza.
Mzinga ni wa nyuki, mzinga ni wa vita,
na mpwa wangu akinipigia simu mwisho wa mwezi,
huo nao ni mzinga.
Nikajiona bora kidogo:
sisi angalau hatukumsingizia nchi ya mtu.

Kisha nikamkumbuka bata bukini.
Bukini, yaani Madagaska; nani alimwona akitoka huko?
Na mahindi, ee Mola, mahindi,
yaliyotoka bara moja na ndege huyu,
tunayasaga, tunayasonga, tunayaapia kuwa chakula cha mababu,
na bado tunayaita ya Wahindi.

"Kenya!" Ni Bwana Garrod, msimamizi. "Kenya, rudi mahali pako!"

Kwetu ni Pangani.
Mwaka wa kwanza nilimsahihisha.
Mwaka wa pili nilimchorea ramani kwenye boksi la glavu,
mto hapa, bahari hapa, mpaka kule juu,
akasema vizuri sana, akaweka glavu juu yake.
Huu ni wa nane. Akiita Kenya
shingo yangu hugeuka yenyewe.

Mnyororo ukashtuka, ukaanza tena.
Mwisho wa meza kila ndege akapigwa kibandiko
chenye bendera ndogo: Mzaliwa wa Norfolk.
Wote tulikisoma. Hakuna aliyecheka.

Jioni kila mfanyakazi alipewa mmoja wa sikukuu.
Nimempakata kwenye basi, baridi yake ikipenya sketi,
kilo sita na nusu kwa mizani ya Nurettin.
Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu
akamtazama yeye, akanitazama mimi,
akauliza, kwa upole wa kweli, nimetokea wapi.

Nikamrekebisha bata magotini.
"Kituo cha nyuma," nikasema.
"Tumepanda pamoja."